Kaburi Lililokuwa Zizini

Ofisa ardhi alifika asubuhi ya Jumanne, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyojaa vumbi, amebeba faili na chupa ya maji. Alimwamkia baba kwa heshima zote, akakubali kiti, akakataa chai. Barabara mpya ingepita nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ipagala. Hilo tulishalijua tangu walipotuchorea alama nyekundu ukutani, kwa hiyo hatukushtuka. Yeye alikuja kujaza fomu tu. Vyumba vingapi, choo cha aina gani, mipapai mingapi, kisima kipo au hakipo. Nilimjibu haraka haraka kwa sababu nilikuwa na kipindi saa nne, na mimi nikiwa na kipindi mbele yangu huwa sina adabu ya kusubiri swali liishe.

"Kuna kaburi lolote ndani ya eneo?"

"Hakuna," nikasema.

"Lipo," akasema baba.

Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza uani. Haoni. Trakoma ilimmaliza macho yote mawili, kama ilivyowamaliza wazee wengi wa huku kwetu Ugogo. Ofisa akasogeza kiti chake.

"La nani, mzee?"

"La baba yangu."

"Liko upande gani?"

"Zizini."

Ofisa akageuka kutazama uani, nami nikatazama pamoja naye. Kulikuwa na kamba ya nguo, mipapai minne na alama za matairi. Zizi halikuwepo. Lilikuwa na zaidi ya miaka ishirini halipo, na aliyeliondoa ni mimi.

Yule mama alitueleza utaratibu kwa upole. Kaburi huhamishwa kwa heshima, ndugu wakishuhudia, na marehemu hupewa mahali kwenye makaburi mapya. Lakini lazima lionyeshwe lilipo, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo mitambo inaingia.

"Siwezi kuandika kaburi ambalo halina mahali, mwalimu," aliniambia.

Baba akasema yeye hana neno na barabara. Watu wengi wamekuja Dodoma, lazima wapite. Anachotaka ni kimoja tu: baba yake ahamishwe, alazwe mahali ambapo na yeye siku yake ikifika watamlaza pembeni. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa. Kile kipindi cha saa nne sikwenda kufundisha.

Ofisa alipoondoka nilimuuliza, "Mbona miaka yote hii hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia ili iweje? Ungelia tu. Na ulikuwa umefurahi na nyumba yako."

Hapo sasa lazima nieleze kazi yangu, maana ndiyo inayoniumiza zaidi. Nafundisha historia sekondari. Kila mwaka, kidato cha pili, nachora tembe ubaoni: mstatili wa vyumba kuzunguka ua, paa bapa la udongo, zizi katikati. Nawaambia wanafunzi kwamba kwa desturi ya Wagogo mkuu wa kaya hakuzikwa nje ya boma lake. Alizikwa zizini, kaburi halikuwekewa alama, na ng'ombe waliendelea kulala juu yake kama alivyowaacha. Nawaambia waandike, wanaandika. Hayo niliyasoma chuoni, kwenye vitabu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza babu yangu mwenyewe amelala wapi. Nilijua alifariki kabla sijazaliwa. Nilijua yuko "hapa hapa nyumbani". Nikiwa mtoto neno hilo lilinitosha, na nilipokuwa mtu mzima nilikuwa na shughuli nyingi za kufundisha mambo ya wazee wa watu wengine.

Tembe letu lilikuwa la pande nne, na milango yote ilitazama ndani, kwa ng'ombe. Milango ilikuwa mifupi, mtu mzima anainama. Kila mwaka kabla ya mvua tulipanda juu ya paa kuongeza udongo, na huko huko juu ndiko mtama ulikoanikwa, na sisi watoto tulikimbizana huko mpaka mama apige kelele kwamba vumbi linaingia kwenye mboga ya mlenda. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi mzuri hata jua la Oktoba likiwa linapasua kichwa. Harufu ya moshi na ng'ombe iliingia kwenye nguo na haikutoka, nami shuleni nilikuwa najinusa mikono nikiona haya.

Enzi za vijiji vya ujamaa baba alihama kama watu wote. Alikaa misimu miwili kwenye kijiji kipya, kisha akarudi na mama na ng'ombe waliobaki, akakuta paa limeanguka upande mmoja, akaliinua upya juu ya nguzo zile zile. Nilizaliwa baada ya hapo. Siku zote nilidhani alirudi kwa ajili ya malisho.

Mwaka nilioajiriwa nilikuwa na haya. Sina namna ya kulisema kwa upole zaidi. Walimu wenzangu wa Nkuhungu walikaa kwenye nyumba za bati. Mmoja wao alikuja kunitembelea nyumbani, akajigonga kichwa mlangoni, akacheka, nami nikacheka naye kwa sauti kubwa kuliko yake. Mama alikuwa ameshafariki na nilimshukuru Mungu kwamba hakukisikia kicheko changu. Mwaka huo huo macho ya baba yakaharibika sana, nikampeleka hospitali ya macho, akafanyiwa upasuaji wa kope. Muuguzi mmoja aliniambia maneno machache nikayashika: inzi wanatoka zizini, wanatua machoni, wanarudisha ugonjwa. "Zizi likae mbali na nyumba," alisema. Hakusema nyumba ibomolewe. Hayo mawili niliyaunganisha mwenyewe, kwa sababu yalivyoungana yalinipendeza.

Baba alikaa huko miezi miwili, hospitalini na kwa jamaa wa karibu. Ndani ya miezi hiyo nilileta mafundi. Ng'ombe waliobaki niliwapeleka Mlali kwa shangazi yangu, mdogo wake baba. Tembe likaanguka kwa siku tatu. Boriti zake, alizozikata babu kwa mkono wake, zilikuwa kavu na nzito, na fundi matofali aliposema kuni za aina hiyo siku hizi hazipatikani, nilifurahi kama niliyeokota kitu. Tukazitia kwenye tanuru moja baada ya nyingine, na milango pia. Matofali ya nyumba yangu mpya yalichomwa kwa nyumba ya babu yangu. Zizi tukalisawazisha. Fundi akauliza nyumba itazame wapi, nikasema itazame barabarani kama nyumba za watu, basi msingi ukasogezwa na kugeuzwa, na hakuna pembe hata moja iliyobaki mahali pa zamani.

Baba alirudi jicho moja limekwisha na la pili linaona kivuli tu. Nilimshika mkono nikamwingiza. Alipapasa fremu ya mlango, akapapasa dirisha na kioo chake, akasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Kisha akauliza:

"Zizi mmelihamishia wapi?"

"Tumelisawazisha, baba. Ni kwa ajili ya inzi."

"Mmelisawazisha."

"Kwa ajili ya macho yako."

Siku ile hakula. Nikasema moyoni ni uchovu wa safari. Tangu hapo, kila asubuhi, alitoka na fimbo yake akaenda kusimama mahali uani, kesho yake akasimama pengine, hatua mbili tatu kutoka pa jana. Majirani waliponiuliza niliwaambia mzee anaota jua. Zaidi ya miaka ishirini baba yangu alikuwa akimtafuta baba yake kwa miguu, na mimi mwenye macho mazima nilikuwa nampisha nikaanike nguo.

Shangazi alikuja kutoka Mlali siku ya pili baada ya mimi kumpigia simu. Alishuka na furushi la karanga mkono mmoja na hasira mkono wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia umempoteza babu yako."

Alikaa chini, akavua viatu, akaanza kunisema mbele ya baba, mbele ya jirani aliyekuja kusalimia, mbele ya Mungu. "Mwalimu wa historia! Ya Wajerumani unayo, ya Waingereza unayo. Ya uani kwenu huna." Alipomaliza akauliza kama nimeshakula, akaingia jikoni kwangu mwenyewe akasonga ugali wa uwele, akaniwekea sahani iliyojaa. Nilikula huku machozi yanadondokea kwenye mboga na hakuna aliyenizuia.

Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano babu alipofariki. Alishika jembe pamoja na baba zake wadogo, akachimba. Kwa hiyo alijua, na alijua kwa hatua: kutoka mlango wa mama yake hadi lango la zizi ni hatua kumi na moja, ukiingia langoni unapinda kushoto, hatua nne. Shangazi alikuwa mdogo zaidi siku ile, lakini hakukubali kushindwa.

"Nne za nani? Ulikuwa na miguu mirefu kama korongo."

"Nne zangu."

"Ni sita. Ndama walifungwa pale, nakumbuka mimi niliyekuwa nawafunga."

"Hata zikiwa sita," baba akasema, "tunaanzia wapi?"

Niliingia ndani kutafuta picha. Tunayo moja tu iliyopigwa mbele ya tembe, siku niliyohitimu chuo cha ualimu. Nimevaa joho, baba upande mmoja, mama upande wa pili. Nilifikiri labda itaonyesha mlango, au nguzo, au kilima cha mbali ambacho tungepimia. Nilipoitoa kwenye bahasha nikakumbuka. Nyuma yetu, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, zinaning'inia khanga za mama na shuka jeupe. Nilizitundika mwenyewe asubuhi ile ili ukuta wa udongo usionekane kwenye picha yangu ya mahafali.

Shangazi akaiweka karibu na pua yake, akaitazama muda mrefu.

"Nyumba iko wapi?"

"Nyuma ya khanga."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Baba akauliza kinachochekesha ni nini. Kicheko cha shangazi kikageuka palepale kikawa kitu kingine.

Wazo la kwenda Nzuguni lilikuwa langu. Kwenye viwanja vya maonesho kuna tembe la mfano, nami nimeshawapeleka wanafunzi huko mara nyingi, nikasimama katikati ya ua nikiwaelekeza kwa kidole. Nilifikiri baba akiingia ndani ya tembe, hata kama si letu, mwili wake utakumbuka kitu ambacho maneno yamekisahau. Tukapanda bajaji sisi watatu. Njia nzima shangazi alikuwa akimweleza kaka yake ghorofa anazoziona, na baba akawa anauliza zamani hapo palikuwa shamba la nani, na mara nyingi alikuwa na jibu.

Mlinzi alituruhusu. Tembe lile wamelijenga na mlango mrefu ili wageni wasijigonge vichwa. Nilimwambia baba, tumefika mlangoni, na kabla sijamwambia kwamba ni mrefu, akainama. Aliinama mpaka mgongo ukalala kabisa, fimbo ameibana kwapani, akavuka kizingiti, akanyooka upande wa ndani. Shangazi akatazama pembeni. Mimi nilishindwa, nikalia kwa sauti, na mlinzi akadhani nimeumia mguu.

Baba akapapasa ukuta.

"Hii ni saruji."

"Ni ya maonesho, mzee," mlinzi akasema. "Ya udongo mvua inaila."

"Na ng'ombe hawajawahi kulala hapa."

"Hapana, mzee."

Akaomba aelekezwe kwenye mlango wa chumba chochote, mgongo wake uguse mlango. Nikamweka. Akashusha pumzi, akaanza kutembea. Nilitaka kumshika mkono, akanikatalia. Alikwenda hatua kumi na moja bila kusita, akasimama, akapinda, akaenda hatua nne, akasimama kando ya meza ya plastiki ambapo mama mmoja alikuwa anauza soda. Akagusa chini kwa fimbo. "Hapa." Tukamrudisha mlangoni, akarudia. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu fimbo iligusa mahali pale pale, pengine tofauti ya upana wa kiganja. Muuza soda alihamisha meza yake bila kuulizwa.

Miguu yake ilikuwa inajua kila kitu. Kilichokosekana ni mlango wa kuanzia, na huo nilishautia kwenye tanuru.

Ofisa ardhi alituongezea wiki moja, akatuletea vibarua wanne wenye sululu na chepeo. Tukakadiria. Shangazi alisema mlango wa mama yao ulikuwa unapata jua la asubuhi usoni. Baba alisema upepo wa Julai ulikuwa unamwingilia kutoka kushoto akiwa amekaa kizingitini. Mimi nilikuwa na lile tembe langu la ubaoni kichwani, nikachora mchoro kwenye karatasi ya mtihani, nikaweka vipimo, nikajifanya najua. Tulichimba mashimo matano. La kwanza, udongo mwekundu na kokoto. La pili hivyo hivyo. Vibarua walikuwa wanafanya kazi kwa adabu, bila redio, na kila walipofika usawa wa kiuno walisimama wakanitazama.

Siku ya tatu shangazi aliniita kando.

"Na chini ya nyumba yako je?"

"Haiwezekani. Zizi lilikuwa uani, shangazi. Uani ndiko huku."

"Huku ni uani kwako. Uani kwao kulikuwa wapi?"

"Nimeshapima," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, jambo ambalo huku kwetu halifanywi kwa shangazi. Akanitazama, akafunga khanga yake vizuri, akarudi kukaa kivulini. Hakuniuliza tena. Na usiposikia swali mara ya pili unaweza kujifanya hukulisikia ya kwanza. Kubomoa sakafu kungekuwa kukiri kwamba nilimjengea baba nyumba juu ya kifua cha baba yake, na hilo sikuwa tayari kuliona.

Shimo la tano lilipotoka tupu, ofisa alinivuta pembeni akaniambia kwamba familia nyingine huchukua udongo. Siyo jambo baya, alisema, mchungaji wenu anaweza kuombea, na watu wanapata pa kuweka maua. Nilimwambia baba. Akaomba ashushwe kwenye shimo la tatu. Vibarua wawili wakamshika wakamshusha. Alichutama chini kule, akachota udongo, akauchuja kwa vidole, akaunusa. Akachota tena.

"Basi," akasema. "Ndiyo hapa."

Shangazi akageuka kuitazama nyumba yangu.

Tukajaza kisanduku kidogo cha mbao udongo mwekundu wa shimo la tatu. Mchungaji akaomba, kwaya ya akina mama wa kanisani ikaimba, tukakipeleka makaburi mapya, tukakizika, na pembeni tukaacha nafasi ya mtu mmoja. Baba alitupa udongo kwa mkono wake. Tuliporudi alikula, akaomba aongezewe mlenda. Nilimtazama anavyokula nikajiambia ameridhika. Nilitaka sana iwe hivyo, na mtu anayetaka sana haulizi maswali.

Shangazi akarudi Mlali. Sisi tukahamia nyumba ya kupanga, Ipagala katikati, vyumba viwili na ua wa zege. Wiki mbili baadaye jirani wa zamani alinipigia simu kusema mitambo imefika. Nilimwambia baba kwa kupitia tu, kama habari ya mtaani. Akasema, "Nipeleke."

"Kuna vumbi, baba. Na hutaona kitu."

"Nataka kusikia."

Nikaomba ruhusa shuleni. Tulikaa juu ya tofali za jirani, ng'ambo ya kamba walizofunga. Kijiko, ule mtambo wenye mkono wa kuchimba, kilianza na nyumba yangu. Nilidhani nitaumia, lakini ilikwenda chini nami nikiwa natazama kama nyumba ya mtu mwingine. Bati likakunjwa, kuta zikalala, dirisha ambalo baba alilipapasa likavunjika. Kikazoa kifusi chote kikapakia kwenye lori la tipa, sakafu ikang'olewa vipande vipande. Kisha greda likaingia kusawazisha.

Mara ya kwanza lilipopita lilikwangua changarawe ya msingi. Mara ya pili, pale lilipokuwa jiko langu, udongo ukabadilika. Ulikuwa mweusi. Mweusi laini kama ugoro, na ulikuwa umetandaa kwa upana wa chumba na zaidi, na ukingo wake ulikuwa umejikunja kwa duara. Mimi nimekulia kwenye tembe. Samadi iliyolaliwa na ng'ombe miaka na miaka naijua hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Na ndani ya weusi ule kulikuwa na kipande kimoja chekundu. Kilikuwa kimenyooka pande zote, urefu wa mtu, upana wa mabega. Mtu alichimba pale zamani akapita kwenye samadi, akafika kwenye udongo mwekundu wa chini, na alipofukia ukabaki juu umechanganyika. Kijana wa miaka kumi na mitano na baba zake wadogo.

Greda lilikuwa linarudi nyuma. Nilikuwa na muda wa kusimama na kunyanyua mkono. Dereva alikuwa ananitazama, angenyamazisha mtambo. Nilihesabu kichwani mambo mengine yote. Kisanduku tulichozika. Maombi ya mchungaji. Nafasi tuliyoiacha pembeni ya udongo mtupu. Baba akijua kwamba nilimpikia chai kila asubuhi, zaidi ya miaka ishirini, nikiwa nimesimama juu ya baba yake. Nikabaki nimekaa. Naandika haya kwa sababu sijaweza kumwambia mtu yeyote kwa mdomo: nilibaki nimekaa. Greda likaja mbele, na kile kipande chekundu kikaingia kwenye weusi, vikawa rundo moja.

"Unaona nini?" baba akauliza.

"Udongo, baba."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

Kijiko kikaanza kulipakia rundo kwenye tipa. Boza la maji likapita taratibu kuzuia vumbi, likamwagia barabara, likamwagia na rundo. Na harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya zizi mvua ya kwanza ikiligusa, nzito, tamu kidogo, na ilikuja moja kwa moja mpaka tulipokaa. Sikuwa na la kuifanya. Kwenye macho ya baba ningeweza kuweka chochote nilichotaka, lakini pua yake ilikuwa yake.

Aliinua uso. Kisha akajiinua kwa fimbo, akasimama wima, akavua kofia yake akaibana kifuani. Tipa la kwanza lilikuwa linatoka, likageukia upande wetu, likapita mbele yetu polepole kwa sababu ya mashimo, na yeye akawa analifuata kwa uso lilivyokuwa linanguruma.

"Mbukwenyi, baba," akasema. Hivyo ndivyo Mgogo anavyomwamkia aliyemzidi, na alilisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni siku nyingi.

Tipa la pili likapita, akaamkia tena. La tatu pia. Alisimama hivyo, kichwa wazi juani, mpaka rundo likaisha na mtambo ukazimwa, mafundi wakaenda kula. Nilikimbia kumuuliza dereva wa mwisho wanaupeleka wapi ule udongo. Akaniambia popote panapohitaji kujazwa, leo Nkuhungu, kesho pengine, mwenye kiwanja akipiga simu wanamwaga. Niliporudi baba alikuwa ameshavaa kofia, amenyoosha mkono nimshike. Sikumwambia nilichoambiwa, naye hakuniuliza nilikwenda wapi.

Tulitembea kidogo. Kisha akasema, "Ulisema mwekundu?"

"Mwekundu, baba."

"Haya," akasema. "Shangazi yako akiuliza, tutamwambia ulikuwa mwekundu."